Ujumbe wa Simu Siyo Hela: Namna ya Kukagua Taarifa ya Miamala Yako Msimu wa Mauzo



Alizeti ikishavunwa na magunia ya vitunguu yakianza kujaa pale soko la Misuna, simu za vijana wetu wa Singida huwa na pesa nyingi kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Matapeli wanaijua kalenda hiyo vizuri sana. Kwa hiyo leo tunaweka mbegu na viuatilifu pembeni, tunajifunza kusoma taarifa ya miamala, ile ambayo wengi mnaiita stetimenti.

Najua mtu atasema, "Afisa, hayo ni mambo ya watu wa mjini wenye kadi za mkopo." Sawa, kadi ya mkopo hasa, ile ya kununua leo na kulipa mwisho wa mwezi, wengi wenu hamna. Lakini una laini ya M-Pesa, Airtel Money, HaloPesa au Mixx by Yas (wazee bado tunaiita Tigo Pesa). Una akaunti NMB au CRDB yenye kadi. Wengine mmeshaunganisha kadi ya Visa na simu ili mlipie matangazo ya vifaranga na asali kule Facebook. Kote huko pesa inaingia na kutoka bila wewe kuiona kwa macho, na kitakachokuonyesha ilikoenda ni taarifa ya miamala peke yake.

Tangu M-Pesa ianze hapa Tanzania mwaka 2008, tumejifunza haraka sana kutuma na kupokea. Kukagua hatujajifunza. Mkulima anapima dawa kwa kijiko asije akaunguza mche, halafu anakaa miezi minane hajaangalia milioni tatu zake zimepita wapi.

Ujumbe ni madai tu

Tuanzie kwenye mizani, maana hapo ndipo watu wanapigwa zaidi.

Mnunuzi amekuja na Fuso. Mmepima, mmehesabu magunia 40 kwa bei ya 90,000, jumla 3,600,000. Mzigo unapakiwa. Anasema "nakutumia sasa hivi", simu yako inalia, unasoma: umepokea 3,600,000, salio lako jipya ni kiasi fulani. Dereva ameshawasha gari. Unamshukuru bosi, gari inaondoka. Jioni unaenda kwa wakala kutoa pesa, salio ni elfu kumi na mbili.

Ule ujumbe aliuandika mtu kwa mkono wake. Kazi ya kuandika ujumbe unaofanana na wa mtandao ni ya dakika mbili. Wengi mmefundishwa kuangalia kama umetoka kwenye namba ya kawaida au kwenye jina la huduma, na ni jambo zuri, mlifanye. Lakini msiishie hapo. Mtu akishika simu yako dakika moja tu anaweza kuihifadhi namba yake kwa jina la M-PESA, na kuanzia hapo kila atakachokuandikia kitasomeka kwa jina hilo. Zipo pia njia za kitaalamu za kutuma ujumbe ukaonekana umetoka kwa jina lisilo lake.

Kwa hiyo usibishane na ujumbe. Piga menyu mwenyewe uangalie salio: *150*00# kwa Vodacom, *150*01# kwa Yas, *150*60# kwa Airtel, *150*88# kwa Halotel. Kama malipo ni ya benki, *150*66# kwa NMB na *150*03# kwa CRDB. Salio likiwa limepanda kwa kiasi kilekile mlichokubaliana, fungua lango gari itoke. Lisipopanda, magunia yanashuka. Mnunuzi wa kweli hakasiriki kusubiri dakika tatu. Akianza kukuharakisha, mara mvua inakuja, mara anawahi foleni ya Dodoma, mara anauliza "hivi huniamini?", basi subiri zaidi.

Mtandao ukiwa chini? Hili linatokea sana kule Mkalama na baadhi ya vijiji vya Iramba na Ikungi, siwezi kulificha. Hapo mzigo unalala. Ndiyo, unaweza kumkosa mnunuzi. Afadhali kumkosa mnunuzi na magunia yako 40 yako palepale kwenye kichanja.

Taarifa unaipata wapi

Salio linakuambia una kiasi gani sasa hivi. Halikuambii kimepotea nini katikati. Kwa hilo unahitaji taarifa.

Kwenye menyu ya simu ipo taarifa fupi, inayoonyesha miamala michache ya mwisho. Inatosha kwa kukagua siku moja. Kwa wiki au mwezi mzima tumia programu ya simu ya mtandao wako au ya benki yako: unachagua tarehe ya kuanzia na ya kumalizia, unapata orodha yote. Kama simu yako ni ya vitufe, nenda na kitambulisho cha NIDA kwenye duka la mtandao husika au tawi la benki uombe wakuchapishie. Usimtume mtu. Na usimpe wakala wa kijiweni simu "akutolee stetimenti" huku ukimtajia namba ya siri, maana hapo umempa ufunguo wa ghala ili akuhesabie magunia.

Karatasi yenyewe haina uchawi. Kila mstari una tarehe na saa, kumbukumbu namba ya muamala, jina au namba ya aliyetuma au kupokea, kiasi, makato, na salio baada ya muamala ule. Hiyo safu ya mwisho ndiyo watu wanairuka, na ndiyo yenye faida kubwa kwako, kwa sababu kila salio linapaswa kuzaliwa na salio la juu yake. Usipoelewa limetoka wapi, simama hapohapo.

Hesabu ya Jumapili jioni

Sasa kazi yenyewe. Chagua siku moja ya wiki. Mimi napendekeza Jumapili jioni, kazi za shamba zimetulia na vibarua wameshalipwa Jumamosi. Unahitaji taarifa ya wiki ile na daftari lako la shamba. Kama huna daftari, anza nalo hilo, maana taarifa bila daftari ni orodha ya majina tu. Utakumbukaje kama zile 65,000 za Jumanne zilikuwa dizeli ya pampu au kitu kingine?

Tuchukue mfano. Jumapili iliyopita salio lako lilikuwa 412,000. Wiki hii, kwa mujibu wa daftari, zimeingia 1,200,000 za vitunguu na 350,000 za mashudu ya alizeti. Zimetoka 280,000 duka la pembejeo, 90,000 za vibarua sita kwa 15,000 kila mmoja, na 65,000 za dizeli. Makato ya kutuma na kutoa, ukiyajumlisha kwenye taarifa, ni 9,400.

412,000 jumlisha 1,550,000 unapata 1,962,000. Toa 435,000 za matumizi, zinabaki 1,527,000. Toa makato 9,400, unabaki na 1,517,600.

Unaangalia simu: 1,467,600.

Kuna 50,000 haipo. Kijana asiyekagua hawezi kuiona kabisa, kwa sababu akifungua simu anaona milioni moja na laki nne na ushee, moyo unatulia. Elfu hamsini imejificha ndani ya pesa nyingi. Na mwizi mwenye akili huiba hivyohivyo, wakati wa mavuno, kiasi kidogo, kwenye akaunti iliyoshiba.

Sasa unapita mstari kwa mstari. Weka tiki kwenye kila muamala ulioko kwenye daftari. Mstari utakaobaki bila tiki ndio wenye majibu. Tuseme ni Alhamisi saa saba kasoro mchana, kutoa pesa kwa wakala, 50,000. Alhamisi saa saba kasoro wewe ulikuwa bondeni unamwagilia. Simu ilikuwa wapi? Iliachwa nyumbani inachaji. Nani anaijua namba yako ya siri?

Hapa niseme jambo ambalo halipendezi kusikika. Tukisikia wizi wa mtandao tunawaza mtu asiyejulikana aliye mbali. Lakini muamala wa namna hii unaanza na mtu anayejua simu inachajiwa wapi na namba ya siri ni mwaka wako wa kuzaliwa. Anaweza kuwa mdogo wako aliyeingia kwenye michezo ya kubahatisha, anaweza kuwa kibarua uliyemtuma vocha. Usimwite mtu mwizi kabla hujawa na karatasi mkononi. Taarifa itakuonyesha saa na wakala. Ukienda kwa wakala huyo kwa upole na kumbukumbu namba ya muamala, anaweza kufungua rekodi zake na kukumbuka alikuja nani. Nyumba nyingi zimevunjika kwa kushukiana bure, kumbe jibu lilikuwa kwenye mstari mmoja.

Mistari ya kuitilia shaka

Vijipesa vidogo. Ukiona 500 au 1,000 imetoka na huikumbuki, usiipuuze kwa sababu ni ndogo. Mara nyingine ni huduma ya kulipia uliyojiunga bila kujua, labda ujumbe wa mapenzi au dondoo za mpira, inayokata kila siku. Elfu moja kwa siku ni 30,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 365,000, piga hesabu hiyo ni magunia mangapi ya vitunguu. Mara nyingine ni mtu anaonja kama akaunti yako inatoka pesa bila wewe kushtuka. Asiposikia kelele, anarudi kwa kiasi kikubwa.

Mkopo usioukopa. Siku hizi laini ya pesa inaweza kukopesha yenyewe: Vodacom wana Songesha na M-Pawa, na mitandao mingine ina ya kwao. Mtu mwenye namba yako ya siri hahitaji hata ukute na pesa. Anakopa kwa jina lako, anatoa, anaondoka. Wewe unakuja kujua siku mnunuzi anakutumia laki tatu halafu salio linaonyesha laki mbili na nusu, kwa sababu deni limekatwa kwanza. Wengi hapo wanagombana na mnunuzi. Mnunuzi hana kosa, taarifa inaonyesha alituma laki tatu kamili, na mstari unaofuata unaonyesha makato ya mkopo. Kwa hiyo kila Jumapili angalia pia sehemu ya mikopo kwenye menyu. Kama ulikopa mwenyewe ukasahau, haya, hilo ni jambo jingine.

Pesa iliyokuja kwa makosa. Unapokea 200,000 kutoka kwa usiyemjua, dakika mbili baadaye anapiga simu analia, mama yuko hospitali, amekosea namba moja, tafadhali mrudishie kwenye namba nyingine. Angalia salio kwanza. Mara nyingi hakuna pesa iliyoingia, ni ujumbe wa uongo, na ukituma unatuma ya kwako. Lakini hata kama imeingia kweli, usirudishe kwa mkono wako. Mwambie apige 100 kwa mtandao wake, wao watairudisha. Ukimrudishia wewe na yeye akaomba mtandao urudishe, umelipa mara mbili. Tena "namba nyingine" yenyewe inatakiwa ikushtue: mtu aliyekosea anataka pesa irudi ilikotoka.

Lipa namba. Wale wenye vibanda barabarani, mnaouza asali, kuku wa kienyeji na mafuta ya alizeti pale barabara kuu, mmebandika lipa namba ukutani. Vizuri. Lakini kila asubuhi isome ile namba kwenye bango. Ni kazi ndogo sana kwa mtu kubandika karatasi yake juu ya yako. Wateja watalipa mchana kutwa, kila mmoja atakuonyesha ujumbe halali kabisa kwenye simu yake, na kwako hakutaingia hata shilingi. Ukikagua taarifa ya mauzo kila jioni utaligundua siku hiyohiyo.

Halafu kuna ile ya "ile hela tuma kwenye namba hii". Hiyo mnaijua nyote, sitapoteza muda nayo, isipokuwa kwa jambo moja. Inawapata hata wajanja siku ambayo kweli walikuwa wanadaiwa pesa na mtu. Mwenye trekta umemwambia utamlipa leo, ujumbe unaingia leo, unatuma. Kabla ya kulipa namba mpya, mpigie mwenye deni kwa namba yake ya zamani, msikie sauti yake.

Kwa wenye kadi

Hapa nawasemea wachache, ila mnaongezeka.

Kadi ya Visa au Mastercard, iwe ya plastiki au ile ya kutengeneza ndani ya simu, haihitaji namba ya siri kila mahali. Kwenye maduka mengi ya mtandaoni inahitaji namba 16 za mbele, tarehe ya mwisho na zile namba tatu za nyuma. Mtu akipiga picha pande zote mbili, kwa matumizi ya mtandaoni ana kadi yako. Usiitume picha ya kadi kwa WhatsApp, hata kwa anayesema ni wa benki.

Kwenye taarifa ya kadi jina la duka halifanani na unavyolijua wewe. Tangazo la Facebook linaweza kuonekana FACEBK na herufi zisizoeleweka, na vitu vya Google vinaanza na neno GOOGLE. Utaona pia malipo ya dola moja au chini yake yanayokaa siku chache kisha yanapotea. Hayo mara nyingi ni duka linapima kama kadi ni hai. Kwa hiyo siyo kila jina geni ni wizi, ila kila jina geni ni swali. Jiulize: siku ile nililipia nini? Kama hujaunganisha kadi na kitu chochote na dola moja imetoka, hapo ni mwizi anayejaribu kadi, na kesho atarudi na dola mia.

Kinga iliyo rahisi ni kutoweka pesa za shamba kwenye akaunti yenye kadi ya mtandaoni. Fungua ndogo ya matangazo, iwe na elfu hamsini tu. Akiiba, ameiba elfu hamsini. Na ukiona malipo usiyoyatambua, ifungie kadi kwenye programu ya benki au piga simu benki siku hiyohiyo, kisha jaza fomu ya kupinga muamala. Kupinga kuna muda wake wa mwisho, na anayesoma taarifa zake mara moja kwa mwaka anakuta muda umeshapita.

Malipo ya stakabadhi ghalani

Mnaouza ufuta, dengu, mbaazi au choroko kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, malipo yenu hayapitii mkononi mwa mnunuzi. Mnada unaendeshwa kupitia Soko la Bidhaa, TMX, na pesa inakuja kwenye akaunti baada ya makato. Ni mfumo unaopunguza sana utapeli wa kwenye mizani. Ila umezaa uvivu mwingine: mkulima anaona pesa imeingia, anafurahi, hapigi hesabu.

Kaa na vitu vitatu mezani. Stakabadhi uliyopewa siku ya kupima yenye kilo zako, bei ya mnada wa siku ile, na mstari wa malipo kwenye taarifa ya benki. Kilo zidisha kwa bei, toa makato yaliyotangazwa ya ushuru, ghala na AMCOS. Jibu liwe sawa na kilichoingia. Pakiwa na tofauti, uliza kwa viongozi wa AMCOS ukiwa na karatasi zote tatu, waonyeshe kato kwa kato. Mara nyingi ni kato ambalo hukuambiwa vizuri. Mara nyingine kilo zimeandikwa vibaya. Vyovyote vile una haki ya kuelezwa, na mtu mwenye karatasi anaelezwa haraka kuliko mwenye kelele.

Akaunti ya kikundi

Vikundi vya vijana vinavyopata mikopo ya halmashauri, ile ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ambapo asilimia 4 ni ya vijana, 4 ya wanawake na 2 ya watu wenye ulemavu, nyinyi mna jukumu zaidi, maana hiyo pesa inarudishwa. Mikopo hii ilisitishwa mwaka 2023 kwa sababu ya matatizo ya usimamizi na kurudi mwaka uliofuata ikiwa na utaratibu mpya. Msipoteze nafasi.

Taarifa ya benki ya kikundi isomwe kwenye mkutano, kwa sauti, mstari kwa mstari. Isisomwe na mhazini peke yake. Asome mwanachama mwingine, mhazini aeleze kila mstari na risiti yake. Nimeona vikundi ambavyo mhazini ni mtu mwaminifu kabisa lakini wanachama wanamnong'ona mwaka mzima, na siku taarifa iliposomwa hadharani minong'ono iliisha. Kwa hiyo inamlinda na yeye. Mhazini anayekataa isomwe, mbadilisheni. Hapo sina maneno ya kuzunguka.

Na hakikisheni ujumbe wa benki unaingia kwenye simu za watu zaidi ya mmoja. Ombeni tawi la benki yenu mjue kama inawezekana kuweka namba mbili au tatu.

Umegundua kitu. Fanya nini?

Muda ndio kila kitu. Pesa iliyotumwa inaweza kuzuiwa ikiwa bado iko kwenye laini ya mwizi. Ikishatolewa kwa wakala, inabaki kesi.

Badilisha namba ya siri papo hapo, halafu piga 100 kwa mtandao wako. Taja kumbukumbu namba ya muamala, tarehe, saa na kiasi. Kwa hiyo usifute ujumbe kwa hasira. Kwa benki, piga namba iliyo nyuma ya kadi au nenda tawini, usitafute namba ya "huduma kwa wateja" kwenye Facebook, maana huko nako matapeli wamefungua ofisi.

Kama simu yenyewe imepoteza mtandao ghafla, wakati wenzako walio karibu wanao, usikae ukisubiri urudi. Inawezekana mtu amesajili upya laini yako kwenye kadi nyingine na sasa namba yako iko kwake. Chukua simu ya jirani aliye kwenye mtandao huohuo, piga 100, waambie waifunge. Kisha ijulishe benki, kwa sababu namba hiyo ndiyo inayopokea nywila za benki.

Ujumbe wa kitapeli upeleke kwenda 15040. Ni namba ya bure iliyowekwa kwa kazi hiyo chini ya usimamizi wa TCRA. Wanakujibu wakikuomba namba iliyokutumia, unawapa, inafanyiwa kazi ili ifungwe. Piga pia *106# uangalie ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Tangu usajili wa alama za vidole ukamilike mwaka 2020, laini iliyosajiliwa kwa jina lako ikitumika kutapeli, polisi wataanza na wewe. Ukikuta namba usiyoijua, nenda duka la mtandao huo na kitambulisho uombe ifutwe. Hili fanya leo, hata kama hujaibiwa chochote.

Pesa ikiwa ni kubwa, fika kituo cha polisi ufungue jalada na upewe RB. Tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na udanganyifu wa namna hii umo ndani yake. Nenda na taarifa ya miamala iliyochapishwa na kugongwa muhuri na mtandao au benki, mstari unaolalamikia ukiwa umepigiwa mstari kwa kalamu, na nakala moja ibaki nyumbani. Benki au mtandao wakikuomba RB kabla ya kuendelea na malalamiko yako, uwe nayo tayari, nauli ya kwenda na kurudi Singida mjini mara mbili ni pesa pia.